Msimcheke Aliyechubuka, Mfuateni Aliyemuuzia

Wakenya tuna mzaha wetu wa zamani: uso Fanta, vidole Coca-Cola. Tunautupa kwenye matatu, tunautupa harusini, wengine hawaoni haya kuutupa hata matangani, mradi tu apite mtu mwenye uso mwekundu na vifundo vya vidole vilivyokataa kubadilika. Tukishacheka tunajiona tumemaliza kazi. Tumemkemea mjinga, tumeitetea ngozi nyeusi, sasa tuletewe chai. Huo ni ushujaa wa bure. Mwenye vifundo vyeusi ndiye aliyeumia. Aliyemuumiza yuko Dubois Road jijini Nairobi, mlango wazi, taa zinawaka mchana kweupe, kibali cha kaunti kimebandikwa ukutani. Huyo hatumcheki. Huyo tunamwita bosi.

Shuka kutoka Tom Mboya ukielekea River Road, ujionee. Duka moja limekatwakatwa kuwa vibanda, kila kimoja na mwenyewe, kila kimoja na msichana aliyesimama mlangoni. "Kuja mrembo, hiyo uso imechoka, nikuchanganyie kitu?" Mbele kuna nywele za bandia na rangi za kucha. Nyuma, chini ya kaunta, ndiko kwenye biashara yenyewe. Msichana anatwaa kopo tupu lililowahi kuwa la losheni nyingine, anamimina losheni nusu, anakamua tyubu mbili tatu za krimu ya hospitali, anadondosha seramu ya rangi ya chungwa, kisha anakoroga kwa kijiko cha plastiki mpaka mchanganyiko uwe laini kama maziwa mala. Kopo halina jina, halina tarehe, halina kiwanda. Muulize kuna nini ndani. "Ni ya kung'arisha tu, haina kemikali."

Ile tyubu ina kemikali, tena si haba. Mara nyingi ni klobetasoli, steroidi yenye nguvu kuliko karibu zote zinazopakwa ngozini. Daktari huiandika kwa ugonjwa mkali wa ngozi, kidogo, mahali penyewe tu, kwa wiki mbili hivi, kisha anakwambia uache. Kule Dubois Road, dawa hiyo inapakwa mwili mzima, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Ngozi inakuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana. Michirizi inatokea mapajani na mikononi, na hiyo haiondoki. Chunusi zinafumuka, ndevu zinaota kwa mwanamke, bato lililokuwa dogo linatambaa kimyakimya kwa sababu steroidi imezima kinga iliyokuwa ikilizuia. Ukikatwa, kidonda kinashoneka kwa taabu. Na dawa ikiingia mwilini kwa wingi, tezi zilizo juu ya figo zinazembea, zinaacha kutengeneza homoni zake, kwa hiyo aliyeizoea mwili mzima akiacha ghafla anaweza kuzimia. Wewe unayesoma hili na kopo liko kwenye mkoba wako, usilitupe kesho asubuhi kwa hasira yangu. Nenda kwa daktari, umwambie ukweli wote, akuteremshe polepole.

Haidrokwinoni nayo ina kichekesho chake kichungu. Inazuia ngozi kutengeneza melanini, sawa, lakini ukiitumia kwa muda mrefu chini ya jua letu, inaweza kukuachia madoa ya rangi ya buluu-nyeusi mashavuni, magumu kuyaondoa. Daktari Findlay wa Afrika Kusini na wenzake waliyaeleza mwaka 1975, baada ya kuyaona kwa wanawake waliokuwa wakijipaka krimu hizo. Mtu analipa ili awe mweupe, anaishia mweusi kuliko alivyozaliwa, na mweusi wa ugonjwa.

Lakini linalonitoa mvuke puani ni zebaki, kwa sababu hapo Nairobi haina kisingizio hata kimoja. Jiji hili lilijua mapema.

Mwaka 1972, madaktari waliofanya kazi hapa, Barr, Rees, Kungu na wenzao, waliandika katika British Medical Journal kuhusu jambo lililowashangaza wodini. Walikuwa wakipokea watu wazima ambao figo zao zinavuja protini: unaamka uso umevimba, jioni viatu haviingii, mkojo una povu. Waliwachunguza wagonjwa 60. Kati yao, 32 walikuwa wamejipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye chumvi ya zebaki, kiasi cha asilimia 5 hadi 10. Zaidi ya nusu! Mkataba wa kimataifa uliokuja baadaye uliweka kikomo cha sehemu moja ya zebaki katika milioni. Asilimia 5 ni sehemu 50,000 katika milioni. Hayo yaliandikwa wakati Mzee Kenyatta angali Ikulu. Bibi zetu walikuwa wasichana.

Halafu akaja Masazumi Harada. Jina hili lilistahili kufundishwa shuleni. Alikuwa daktari Mjapani aliyetumia maisha yake kuwafuata waathiriwa wa Minamata, mji wa wavuvi ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Harada alikuja kanda ya Ziwa Victoria akitafuta zebaki ya wachimba dhahabu na ya samaki. Alipopima nywele za watu, wapo waliokuwa na zebaki nyingi isiyoelezeka kwa samaki wala kwa dhahabu. Ilitoka kwenye sabuni ya kuogea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: sabuni za kung'arisha, zimetengenezwa Ulaya, nyingine zina zebaki ya zaidi ya asilimia moja, na watumiaji wanalalamika kutetemeka, kizunguzungu na uchovu usioisha. Kumbuka kwamba Ulaya yenyewe ilikuwa imeshakataza zebaki katika vipodozi vya watu wake tangu mwaka 1976. Sumu iliyokatazwa kwao ilipakiwa kwenye sanduku zuri ikaletwa kwetu, nasi tukailipia.

Sasa sikia aibu inavyokamilika. Uamuzi wa kuanza kuandika mkataba wa dunia kuhusu zebaki ulipitishwa Gigiri, hapa hapa Nairobi, Februari 2009, katika kikao cha shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2011 wajumbe walirudi papa hapa kwa duru ya tatu ya mazungumzo. Mkataba wa Minamata ukapitishwa Japani mwaka 2013, ukaanza kufanya kazi mwaka 2017, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana mjini Geneva kwamba hata ile sehemu moja katika milioni iondolewe: kufikia 2025, kipodozi chochote kilichotiwa zebaki ni marufuku. Wajumbe walilala hoteli za Westlands, wakapita Waiyaki Way kwa magari yenye vioo vyeusi. Tuliwauzia vinyago na kahawa. Na katika muda huohuo makopo yalikuwa yakishuka kwenye mikokoteni ya River Road.

Shirika la viwango, KEBS, lina orodha yake ya vipodozi vilivyopigwa marufuku, ya zebaki, ya haidrokwinoni na ya homoni. Orodha si tatizo. Taifa hili halijawahi kukosa orodha. Tatizo ni kwamba marufuku yetu huja na kamera na kuondoka na kamera. Kuna siku ya msako, maboksi yanarundikwa, mkubwa anashika kopo mbele ya waandishi wa habari na kukunja uso. Wiki ijayo kibanda kimefunguliwa, labda bei imepanda kidogo kwa sababu ya usumbufu.

Na msidhani haya ni ya mjini chini tu, ya watu wanaopanda 46 kurudi Kawangware au 23 kwenda Kangemi. Kilimani na Lavington wanajichubua pia, ila wao wanafanya kwa kiyoyozi. Wanaketi kwenye kiti cha ngozi, wanaletewa maji yenye vipande vya ndimu, kisha wanatundikiwa dripu ya glutathayoni na mhudumu aliyevaa koti jeupe. Inaitwa "kung'aa kutoka ndani". Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi, na imeonya umma wazi kuhusu hizo. Ile ya Ufilipino, ambako mtindo huu ulishika moto mapema, imeonya kwamba sindano hizo zinaweza kuumiza figo na kuleta mzio wa kutisha unaobabua ngozi nzima. Mama wa Kawangware akiharibika tunamwita mshamba. Mama wa Lavington akiharibika tunasema amepata "reaction", na anahamia kliniki ya jengo la pili.

Wanaume wamo, nisije nikasahau. Wengi wao ndio wanaocheka kwa sauti kubwa.

Tuseme basi kwa nini mtu anaanza. Hadithi ya kwamba kila mwanamke anayenunua kopo anataka kuwa Mzungu ni uvivu wa kufikiri. Wengi huanza na chunusi. Ngozi nyeusi ikipata chunusi, huacha doa jeusi linalokaa miezi. Binti wa chuo anataka doa litoke kabla ya mahafali. Hospitali ya umma atapanga foleni tangu alfajiri, na mtaalamu wa ngozi hayupo, au yupo siku moja kwa wiki. Kule Dubois Road atahudumiwa kwa dakika kumi na kuitwa mrembo. Chuo cha utabibu cha KMTC kinawafunza maafisa wa kliniki wa magonjwa ya ngozi. Moshi, ng'ambo tu ya mpaka, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi tangu mwaka 1992. Watu wanaojua kazi hii wanaweza kupatikana. Hawajaajiriwa wa kutosha, basi msichana wa kibanda ndiye daktari wa ngozi wa jiji.

Na sisi wengine tunamsukuma kwa nyuma. Mtoto hajamaliza saa yake ya kwanza duniani, shangazi ameshamgeuza kichwa achungulie masikio, maana eti rangi ya masikio ndiyo rangi atakayokuwa nayo. Masikio yakiwa meupe, vigelegele. Yakiwa meusi: "Si kitu, ana afya." Akikua ataambiwa ni mzuri ingawa mweusi. Atasikia wavulana wakimtafuta "rangi ya thao", yaani mweupe. Lupita Nyong'o alipotwaa Oscar mwaka 2014 tulishangilia tukapasuka sauti, msichana wetu, ngozi yetu, kampuni ya Lancôme ikamchukua kuwa uso wake. Jumatatu tulirudi kuchungulia masikio.

Ngozi yenyewe haitaki makuu. Inataka sabuni isiyokwaruza, maji yasiyounguza, na mafuta ukiwa bado na unyevu wa kuoga, hasa Julai baridi ya Nairobi inapoipausha. Arimis, jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe, imewalinda watoto wa nchi hii wasipauke kuliko seramu zote za Yaya Centre zikiwekwa pamoja. Chunusi usizipake dawa ya meno wala usizikamulie limau, na doa lipe muda na kivuli, kwa sababu jua ndilo linalolikoleza. Tuko karibu na ikweta na kwenye nyanda za juu, mita 1,700 na ushei, jua hapa halina mchezo hata mawingu yakitanda.

Wapo Wakenya ambao krimu kwao ni uhai: wenye ualbino. Ngozi yao haina ngao dhidi ya jua, na saratani huwaanza wakiwa vijana. Serikali ina mpango wa kuwapa losheni ya kuzuia jua bila malipo, jambo jema kabisa, na kule Moshi wanaitengeneza wenyewe kwa jina la Kilisun. Lakini losheni hiyo lazima ipigiwe bajeti, iombewe, ihesabiwe kopo kwa kopo. Sumu haiombewi bajeti. Sumu ina wasambazaji, ina maghala, inafika hadi soko la Kangemi bila waziri yeyote kukata utepe.

Bodi ya Famasia na Sumu iko Lenana Road, Kilimani. Afisa wake akiamua kukagua dripu za mtaa huo, hahitaji gari la serikali, viatu vinatosha. Aingie, aulize ni daktari gani aliyesajiliwa anayezisimamia na dawa imeidhinishwa na nani. Kaunti nayo ijue kwamba kibali kilichotolewa kwa mikono yake kinaweza kuondolewa kwa mikono hiyohiyo, siku hiyohiyo.

Na msako ukifika tena Dubois Road, msimbebe yule msichana anayelipwa kwa siku na kupakwa bidhaa zilezile ili awe tangazo. Mwacheni aende nyumbani, akapimwe figo. Chukueni karatasi. Mzigo huu uliingilia bandari gani, uliandikwa kuwa nini, ushuru ulilipwa na kampuni ya nani, nani alitia sahihi kwamba umekaguliwa? Jina litakalotoka hapo ndilo ninalotaka kulisoma ukurasa wa kwanza.