Afande wa Kibera Ampigie Nani Usiku?

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2025, Mkenya aliyejaribu kujiua akanusurika alikuwa na kesi ya kujibu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka 2. Tarehe 9 Januari mwaka huo, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikibatilisha kwa kuwa kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ulistahili kushangiliwa. Lakini mtu huyohuyo akifikishwa kituoni saa nane za usiku, na shtaka la kuandika kwenye kitabu cha matukio (OB) halipo tena, afande wa zamu afanye nini?

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, ukuta mmoja wa mabati hutenganisha familia mbili. Kijana akianza kupaza sauti na kuvunja vyombo, ploti nzima huamka. Huyu anasema karogwa, yule anasema ni bangi. Mzee wa Nyumba Kumi anapigiwa simu, kisha chifu, na mambo yakizidi, polisi. Wakati mwingine wanamkuta kijana amefungwa kamba na watu wanaompenda, maana hawakuwa na njia nyingine ya kumzuia asijiumize.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilimpa polisi mamlaka ya kumchukua mtu wa namna hiyo na kumfikisha hospitalini. Hospitali yenyewe, mara nyingi, ni Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910, nayo iko Barabara ya Thika, ng'ambo ya jiji. Gari la kituo likiwa doria, mgonjwa husubiri selini, pamoja na walevi na washukiwa wa wizi. Kwa mtu anayesikia sauti zikimwambia kwamba anawindwa, mlango wa chuma ukifungwa nyuma yake, sauti hizo zimethibitishwa.

Polisi hakusomea udaktari, na madaktari wenyewe ni haba. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya mwaka 2017 ilihesabu madaktari 92 wa magonjwa ya akili nchi nzima. Hawawezi kuzunguka vichochoroni usiku. Sauti zao zinaweza.

Huko Marekani, idara ya sherifu ya Kaunti ya Harris, lilipo jiji la Houston, ilianza mwishoni mwa 2017 kuwapa maafisa tableti za kuwaunganisha na wataalamu wa akili. Afisa hutuliza hali, kisha humpa mgonjwa tableti azungumze na mtaalamu kwa video. Mtaalamu husikiliza, huuliza kuhusu dawa, na humshauri afisa kama mtu huyo abaki nyumbani au apelekwe hospitali. Jimbo la South Dakota, ambako mji na hospitali hutengana kwa safari ndefu, lilianza mpango kama huo mwaka 2020.

Kenya haina haja ya kuagiza kila kitu kutoka nje. Septemba 2023, serikali ilizindua wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii, wakiwa na simu za kisasa mkononi. Mwaka huohuo ikapita Sheria ya Afya Dijitali, inayotambua matibabu ya mbali. Shirika la Msalaba Mwekundu lina laini ya bure, 1199, kwa wenye msongo na huzuni. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wanawake 421 wa vitongoji vya Nairobi waliopitia dhuluma, ulionyesha kwamba wahudumu wa jamii waliofunzwa waliwapa nafuu kwa vikao vitano tu. Vipande vipo. Havijaunganishwa na kaunta ya polisi.

Kuna hofu ya kweli ya kuwahusisha polisi, na haifai kupuuzwa. Wakazi wa Kibera hawajasahau risasi za uchaguzi wa 2017, na mama mwenye mtoto mgonjwa ana sababu ya kutotaka sare mlangoni pake. Kwa hiyo laini ya kuunganisha vipande hivyo imfikie mhamasishaji kabla ya polisi, na afande aitwe pale tu palipo na hatari. Mazungumzo yasirekodiwe, wala umati usichungulie kioo. Tena simu haidungi sindano: anayehitaji kitanda anahitaji ambulensi.

Kaunti ya Nairobi inaweza kuanza kidogo, kwa miezi 6: muuguzi wa akili wa zamu ya usiku pale Mathari, daktari wa kumuuliza akikwama, laini isiyolipiwa, na vituo viwili, cha Kibera na cha Muthangari kinachohudumia Kawangware. Na kwenye OB, mahali palipokuwa pakiandikwa kifungu cha 226, paandikwe saa simu ilipopigwa na jina la kliniki inayomsubiri mgonjwa asubuhi.