Cherehani ndogo, aibu kubwa!

Wiki hii naomba tuziweke pembeni habari za mapenzi na za nani kaachana na nani, tuongelee kitu ambacho kiliniingiza mkenge mimi mwenyewe, mimi huyu huyu ninayejifanya mjanja wa mjini. Nasemea zile cherehani ndogo za plastiki, nyeupe na zambarau, ambazo muuzaji anaining'iniza kwa mkono mmoja kama vile kashika redio.

Bila shaka unazijua. Zina kataa kadogo, kitufe cha kuwashia na kapedali ka kukanyagia. Ukiiona tu unajiambia, mimi tayari fundi! Bei nayo inakukonyeza. Yangu niliinunua Kariakoo, Dar es Salaam, kwa shilingi 60,000, fedha niliyojibana miezi minne bila chipsi wala saluni. Hesabu zangu kichwani zilikuwa safi kabisa. Narudi nyumbani Kilosa, napinda khanga za akina mama wa mtaani, napunguza suruali za washikaji, mwaka haujaisha nina kibanda changu na kioo kikubwa cha wateja kujitazama.

"Dada yangu, hii inashona mpaka jinzi!" muuzaji aliniambia huku akipitisha kitambaa chepesi kama leso. Trrrrr! Mshono ukanyooka kama reli. Sikuuliza hata swali moja. Nikatoa mapene, nikapanda treni ya SGR na boksi langu mapajani, nikashuka Kilosa kifua mbele.

Wiki ya kwanza, msomaji wangu, mambo yalikuwa bomba. Si unajua khanga inauzwa doti, yaani pande mbili zikiwa zimeungana? Inabidi uikate katikati, halafu upinde zile ncha ili zisichanike nyuzi. Kazi hiyo cherehani yangu iliiweza bila kelele. Shilingi 500 hapa, 500 pale, jina likaanza kupanda mtaani. Watoto wakaanza kuniita "fundi". Nami nikawa naitika!

Ijumaa moja jioni akaja mama jirani na sketi ya shule ya bintiye. Ni sketi ya marinda, kitambaa kizito, na kiuno kilikuwa kinampwaya mtoto. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. "Mwanangu, nipunguzie hapa kiunoni tu. Ndiyo hiyo hiyo moja, nimeinunua kwa shida," akaniambia. Nikamjibu kwa maringo, "Mama, hiyo kesho asubuhi tu unaichukua."

Usiku nikafumua kiuno chote, nikakunja, nikaweka chini ya sindano. Weee! Marinda yamelaliana, juu yake mkanda wa kiuno, ndani yake mkunjo. Cherehani ikalia kama mbuzi anayeburutwa, ikasimama. Nikasukuma kitambaa kwa mkono. Pa! Sindano ikakatika. Nikaweka nyingine, nikageuza upande wa chini, nikakuta nyuzi zimejiviringa kama kiota cha ndege.

Hapo ndipo nikafanya kosa la mwaka. Nikajidanganya kwamba tatizo ni umeme mdogo, nikachomoa adapta ya king'amuzi cha nyumbani, nikaichomeka kwenye cherehani. Ikakimbia kama imeona simba, halafu ikatoa moshi. Chumba kizima harufu ya kuungua. Sketi ya watu imefumuliwa, cherehani imekufa, na mimi nimekaa kitandani natokwa na jasho.

Jumamosi mama akapita dirishani. "Fundi, iko tayari?" Nikamjibu kwamba namalizia vifungo. Sketi yenyewe ilikuwa ya zipu!

Utaniuliza, Kilosa nzima hakuna mafundi? Wapo tele. Lakini ningeenda kwao na sura gani, wakati nimeshatangaza mtaani kwamba fundi ni mimi? Jumapili alfajiri nikatia sketi na cherehani kwenye mfuko, nikapanda basi la Mikumi, kwa mama yangu mdogo. Tukapita Ulaya (siyo ile ya wazungu, hii ni Ulaya yetu ya Kilosa, haina viza), mimi kimya kama naenda mahakamani.

Mama mdogo anashonea kibarazani, karibu na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Madereva wa malori wakipumzika Mikumi humletea suruali zilizochanika na mifuko iliyotoboka. Cherehani yake ni Butterfly nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, kuukuu, rangi ya dhahabu imeshafutika.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso kama umekoswakoswa na simba wa hifadhini?"

Nikatoa vitu kwenye mfuko. Alipoiona cherehani yangu akaangua kicheko mpaka dereva mmoja akageuka. "Hii ni cherehani au kibanio cha nywele?" Lakini alipoishika ile sketi, kicheko kikakata. Akauliza ya nani, inatakiwa lini. Nikamweleza yote, na ya adapta pia. Hakunigombeza. Akanipa wembe na kunionyesha kigoda: "Fumua mishono yako yote mibovu, uzi mmoja mmoja. Uharibifu wako, mikono yako." Nilipomaliza akaweka sindano nene, akakanyaga, tak tak tak, kiuno kikakamilika hata chai haijapoa.

Halafu akanikalisha chini akanipa somo, ndilo ninalokuletea wewe msomaji uliyepanga kununua kifaa hiki. Maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Kinachoshona si taa wala rangi nzuri. Ni nguvu ya kuipitisha sindano kwenye kitambaa." Cherehani hizi ndogo nyingi zinatumia betri nne za AA au adapta ya volti 6. Kwa khanga moja iliyokunjwa, nguvu hiyo inatosha. Kwa kiuno cha sketi ya marinda ni sawa na kumbebesha mtoto wa chekechea gunia la mahindi.

Basi kabla hujatoa mshiko wako, fanya haya.

La kwanza, nenda dukani na vitambaa vyako mwenyewe. Beba kipande cha khanga, kipande cha kitenge na mguu wa jinzi kuukuu. Ile leso ya muuzaji imechaguliwa ili ikupendeze, usiiamini. Mwambie ashone jinzi iliyokunjwa hadi iwe tabaka nne, na wewe unatazama. Akianza longolongo, muage kwa heshima uende duka la pili.

La pili, hesabu nyuzi. Cherehani ya kweli inashona kwa nyuzi mbili, mmoja wa juu na mwingine wa kwenye bobini chini, zinakamatana katikati ya kitambaa. Kuna vile vidude vya kushika mkononi kama stepula. Vingi vinashona kwa uzi mmoja, mshono wa mnyororo, na ukivuta ncha ya mwisho mstari wote unafumuka mithili ya mfuko wa sukari. Hebu fikiria unafumuka ukiwa harusini! Chukua yenye bobini, na geuza kitambaa uangalie upande wa chini. Mshono mzuri unafanana juu na chini.

La tatu, adapta. Soma maandishi kwenye cherehani na kwenye adapta, volti zilingane. Adapta nyingi za ving'amuzi ni za volti 12, mara mbili ya zile 6. Ndiyo maana yangu ilikimbia kisha ikaaga dunia. Angalia pia kama adapta ipo ndani ya boksi au inauzwa mbali, maana betri zinaisha haraka na zitakumaliza.

La nne, sindano. Mama mdogo alichunguza akakuta nimeweka ile sindano ya pili kinyume, ule upande wake bapa umetazama siko. Ndiyo maana uzi ulikuwa unajiviringa, na mimi nikawa nalaumu umeme! Kumbe pia sindano zina namba. Namba 11 ni ya vitambaa laini, 14 ni ya khanga na vitenge, 16 na 18 ni za vitambaa vizito kama jinzi. Uliza kama cherehani unayoitaka inatumia sindano za kawaida zinazouzwa kila duka la uzi. Kama inataka za kwake peke yake, kimbia.

La tano, muulize kama inarudi nyuma. Fundi akifika mwisho wa mshono anarudi nyuma kidogo ili ukaze. Zile za bei ya chini kabisa hazirudi, na urefu wa mshono ni ule ule mmoja, huwezi kuuongeza wala kuupunguza. Hapo itabidi ufunge nyuzi kwa mkono kila unapomaliza. Kwa mwanafunzi si mbaya, ila ujue mapema.

La sita, na hili ndilo lenye uchungu, uliza nani ataitengeneza. Ndani kuna meno ya plastiki na mota ndogo, vikivunjika fundi anakutazama tu. Butterfly, ambayo asili yake ni Shanghai, China, imezoeleka kwa mafundi wetu, na vipuri vyake unavipata hata sokoni.

Sasa je, tuzitupe? Hapana, hata mama mdogo hakusema hivyo. Alisema, "Hicho ni daftari la mazoezi, mwanangu, usikitumie kuandikia mtihani wa watu." Kama unataka kujifunza kupitisha mshono ulionyooka, kupinda khanga zako, kushona foronya, mapazia mepesi na vitambaa vya meza, cherehani ndogo inafaa na haichukui nafasi kwenye chumba chako kimoja cha kupanga. Ila ukishapokea nguo ya mtu, yenye siku ya kuchukuliwa, hapo umeingia kwenye mtihani.

Kama nia yako ni biashara toka mwanzo, vumilia, ongeza akiba, utafute cherehani ya chuma iliyotumika. Ya kuzungusha kwa mkono au ya kukanyaga haiulizi kama umeme upo, na kwa sisi wa wilayani hilo si jambo dogo. Zungusha gurudumu lake taratibu. Liwe jepesi, lisikwame wala kugonga. Tikisa ile nondo inayobeba sindano, isicheze. Angalia kutu upande wa chini, halafu shona vitambaa vyako vile vile vitatu kabla ya kulipa. Na fedha ikipungua, mwombe mwenye nayo ulipe kidogo kidogo, mkaandikishane mbele ya shahidi. Wala si aibu. Kampuni ya Singer ya Marekani, ambayo mwanzilishi wake Isaac Singer alipata hataza ya cherehani mwaka 1851, ilikuwa inawakopesha wateja kwa mtindo huo tangu miaka ya 1850.

Tena kabla ya kununua chochote, kaa kwa fundi hata wiki mbili. Kata nyuzi, fumua, pasi nguo, zungusha bobini. Ukichoka siku ya tatu, umeokoa fedha zako. Ukiipenda kazi, uliza gharama za mafunzo ya ushonaji kwenye vyuo vya VETA.

Jumapili hiyo hiyo jioni nikarudi Kilosa, sketi imepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Njia nzima nilikuwa napanga uongo wa kumpa jirani. Nilipofika mlangoni kwake, nikamwona yule binti amekaa na madaftari mapya yaliyofungwa makaratasi, ananitazama mikononi. Uongo wote ukayeyuka. Nikamwambia mama ukweli, kwamba sketi imeshonwa na mama mdogo Mikumi, mimi ilinishinda, na fedha yake siichukui.

Mama akaikagua kiuno, akamvalisha mtoto, ikakaa sawasawa. Kisha akacheka. "Nilijua, mwanangu. Ijumaa usiku harufu ya kuungua ilifika mpaka kitandani kwangu. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Jumatatu binti akaenda shule. Mimi siku hizi kila mwisho wa wiki niko Mikumi kwenye kile kigoda, na wembe wangu mkononi. Ile cherehani mota imekufa, lakini bado inashona. Nazungusha gurudumu lake kwa kidole, mshono mmoja mmoja, napinda khanga zangu mwenyewe. Za watu sijashika tena. Na watoto wakiniita "fundi", nawajibu, "Bado!"

Haya mpenzi msomaji, panapo majaliwa tukutane tena wiki ijayo. Chunga mshiko wako, na usinunue kwa macho!