Nani Mwenye Barabara Mbele ya Geti la Shule?

Shule za Sekondari za Minaki na Kibaha, mkoani Pwani, zilizaliwa katika zama ambazo barabara haikuwa sehemu ya siku ya mwanafunzi. Minaki, iliyoko Kisarawe, ni mrithi wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, ambacho wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikihamisha kutoka Kiungani, Zanzibar, katika miaka ya 1920. Kibaha ilijengwa Tumbi katika miaka ya 1960 chini ya mradi wa nchi za Nordic, pamoja na kituo cha afya na chuo cha wakulima, na mwaka 1970 mradi mzima ukakabidhiwa serikalini ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Zote mbili ni shule za bweni. Mwanafunzi alishuka na sanduku lake mwanzoni mwa muhula, na barabarani akaonekana tena siku shule inafungwa.

Anayevuka barabara leo si huyo. Ni mwanafunzi wa kutwa wa shule ya kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, kata zilihimizwa kujenga sekondari zao. Mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi cha sita. Ni jambo jema, na sitamani hata siku moja lirudishwe nyuma. Ila madarasa yalijengwa pale ardhi ilipopatikana. Wananchi wakachangia tofali na nguvu zao, halmashauri ikaezeka, madawati yakaletwa, na namna mtoto atakavyofika kwenye dawati hilo haikuwa na fungu lake katika bajeti ya mtu yeyote.

Barabara ya Morogoro inapopita Kibaha ndiyo njia ya mizigo ya Zambia, Congo, Rwanda na Burundi. Inabeba makontena, mabasi ya mikoani, Costa za mjini, Noah, bajaji na bodaboda, na juu ya hayo yote inabeba watoto wanaokwenda kwa miguu. Mwaka 2018 kipande cha kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha kilianza kupanuliwa kiwe cha njia nane. Mtu anayelala Kibaha na kufanya kazi Dar es Salaam anajua foleni ya zamani ilivyokuwa ikimla saa zake, kwa hiyo upanuzi huo ulipokelewa kwa shukrani, na kwa haki. Lakini fanya hesabu ya mtembea kwa miguu. Chukua kila njia kuwa na upana wa mita tatu na nusu: njia nane ni mita 28. Mwanafunzi anayetembea kwa mwendo wa kawaida, mita moja na robo hivi kwa sekunde, anahitaji zaidi ya sekunde 22 kuzimaliza. Ndani ya sekunde hizo, gari linalokimbia kilomita 80 kwa saa limeshakula mita 500. Maana yake ni kwamba ili avuke kwa mkupuo mmoja bila kukimbia, mtoto huyo lazima aone umbali wa nusu kilomita na ajue kupima kasi ya lori lililo mbali kiasi hicho, asubuhi ambayo jua bado halijapanda. Mwekee kisiwa katikati, mahali pa kusimama salama apumzike, na hesabu yake inakatika nusu: sekunde 11, na mwelekeo mmoja tu wa kuangalia.

Kuna jambo jingine ambalo rangi ya pundamilia haiwezi kulitatua kwenye barabara ya njia nyingi, na trafiki yeyote mzoefu atakueleza. Saa kumi na mbili na nusu, wanafunzi wamejikusanya kando ya lami, sweta za shule, mabegi mgongoni, wadogo wameshikana mikono na wakubwa. Dereva wa lori anawaona, anakanyaga breki, anawawashia taa: piteni. Wanaingia. Nyuma ya lori kuna daladala ambayo dereva wake haoni watoto, anaona lori limesimama bila sababu. Anachomoka kwenye njia ya pili ili alipite. Lori limewaficha watoto wasionekane na daladala, na limeificha daladala isionekane na watoto. Dereva wa kwanza ametii sheria, na wema wake umewaita watoto mahali pa hatari. Kivuko cha rangi tupu kwenye njia mbili zinazokwenda upande mmoja kinahitaji taa ya kusimamisha magari yote, au kuinuliwa kama tuta ili kila gari lipunguze mwendo litake lisitake. Kikiachwa kilivyo, ni afadhali kisiwepo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kwa mwendo huo, dereva aliye macho, kwenye lami kavu, akiwa na breki nzima, anatumia kama mita 35 tangu aone hatari hadi gari lisimame. Kwa kilomita 30 anatumia nusu yake, mita 17 au 18. Kwa 80, karibu mita 70. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kilomita 30 mahali popote watu na magari wanapochanganyika. Ni shirika hilo hilo lililotangaza mwaka 2023 kwamba barabara zinaua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwamba hakuna kinachoua zaidi watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Hao ndio walioko shuleni na vyuoni.

Kila mwaka, katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, askari huenda mashuleni kufundisha: angalia kulia, kushoto, kulia tena. Sipingi somo hilo. Ninachokataa ni kulifanya dawa ya kwanza. Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kuvuka. Tatizo lake ni kwamba barabara haimpi nafasi ya kutumia anachokijua. Pia kuna mahali ambapo watoto wenyewe huvishwa fulana za kung'aa na kupewa kibao cha kusimamisha magari. Hilo linaniumiza. Kazi ya kusimama mbele ya lori la tani 30 ni ya mtu mzima anayelipwa.

Tukitafuta ushahidi, hatuna haja ya kwenda mbali. Dar es Salaam, shirika la Amend lilichukua maeneo ya shule za msingi ambako watoto walikuwa wakigongwa sana, likaweka matuta, njia za miguu, nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni, vivuko na alama. Watafiti wakapita kaya kwa kaya kuzunguka shule tisa zilizofanyiwa marekebisho na tisa ambazo hazijafanyiwa. Majeruhi miongoni mwa watoto walipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda Tuzo ya Ross ya miji, ya dola 250,000, mbele ya miradi ya miji mikubwa ya dunia. Hapakuwa na mtambo wa ajabu. Ni saruji, rangi, chuma na watu waliokwenda kuangalia watoto wanapita wapi, ambako si lazima kuwe pale mchoraji wa ramani alipotaka wapite.

Hoja ya upande wa pili ina uzito. Wahandisi wanauliza: utawekaje matuta kwenye barabara kuu inayolisha nchi nne? Gari la wagonjwa linalokimbilia Hospitali ya Tumbi, ambayo kwa miongo imepokea majeruhi wa barabara hii hii, nalo lipige matuta? Nakubali kwamba tuta si jibu la njia nane. Pale jibu ni taa za kuvukia zenye kitufe, kisiwa cha katikati, na rasta zinazomwamsha dereva mita za kutosha kabla ya kufika. Tuta lina mahali pake: barabara za pembeni, njia za kuingilia shuleni, mitaa ya ndani. Lakini hoja ya kuchelewesha uchumi siikubali. Kipande cha mita 200 mbele ya shule, ukikipita kwa kilomita 30 badala ya 80, kinakugharimu sekunde 15 za ziada. Jumlisha muda wa kupunguza mwendo na kuuongeza tena, haifiki nusu dakika. Lori linalokwenda Lubumbashi litazitoa.

Wengine wanataka daraja la juu la waenda kwa miguu, wakikumbuka lile la Manzese, Dar es Salaam. Daraja linafaa likijengwa pale pale watu wanapovuka tayari. Likisogezwa mbele kwa sababu kiwanja kilikuwa wazi, watu wataendelea kupita chini, na mwanafunzi mwenye ulemavu wa miguu atakuwa ameachwa na ngazi zake.

Tatizo kubwa kuliko saruji ni umiliki. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara ya mtaa inayotoka hapo hadi getini ni ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Ndani ya uzio ni shule na halmashauri. Njia za daladala na nauli ziko chini ya LATRA. Mwendo wa magari ni wa Kikosi cha Usalama Barabarani. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayeomba kivuko anaweza kuandika barua tano na kujibiwa vizuri mara tano kwamba suala lake liko kwa mwenzake. Mtoto anavuka mamlaka tatu kabla ya kengele ya kwanza, na hakuna hata moja inayoiona safari yake yote.

Nauli nayo imo humu. Mwanafunzi analipa nauli ndogo, na konda anayetafuta hesabu ya bosi anamtaka mtu mzima kwanza. Ndiyo sababu Costa husimama mbele au nyuma ya kituo, ili wanafunzi wasiwahi mlango, nao hukimbia kuifuata, nusu yao wakiwa juu ya lami. Anayedhani nauli ya mwanafunzi ni suala la biashara peke yake aende kituoni saa nane mchana. Na kituo chenyewe kiwekwe baada ya kivuko, kwa mwelekeo gari linakokwenda. Basi likishasimama mbele ya kivuko, anayeshuka anavukia nyuma yake, ambako madereva wanaokuja wanamwona. Mara nyingi tumeweka kinyume.

Kuhusu maegesho, naona tunaanza na swali lisilo sahihi. Mzazi mwenye gari anaomba nafasi ya kuegesha getini, na kila nafasi inayotolewa hapo ni ukuta mwingine unaomficha mtoto. Geti liwe tupu mita 50 kila upande. Bodaboda wapewe kijiwe kilichochorwa ng'ambo ya hapo. Wana uongozi wao, na wakikabidhiwa eneo wanalilinda kuliko bango lolote. Shida ya kweli ya maegesho huja siku chache za mwaka: kidato cha tano wanaporipoti, siku za wazazi, na mahafali, ambapo magari hupangwa juu ya mabega ya barabara na waenda kwa miguu wanasukumwa katikati ya lami. Shule kongwe kama Minaki na Kibaha zina maeneo makubwa. Geti la pili upande wa uwanja, likafunguliwa siku hizo, na walinzi wawili wa kuelekeza, linatosha. Kumwaga zege la maegesho kwa ajili ya siku sita za mwaka ni kuitupa pesa ambayo ingejenga njia ya miguu.

Kisarawe hali ni tofauti, na hapo ndipo nina matumaini zaidi. Ukipanda kutoka Pugu, barabara inapinda katikati ya vilima na msitu, mabega membamba, malori na bodaboda wanagombea lami moja na watembea kwa miguu. Ukiupita mji, kuelekea Maneromango, lami inasogea kidogo kidogo. Barabara ya vumbi ina ubaya wake wote, ila mashimo yake humzuia dereva kukimbia. Siku lami inapofika mbele ya shule, mwendo unapanda mara mbili au tatu wiki hiyo hiyo, kwa watoto waliozoea kuvuka bila kuangalia sana. Ajali za mwanzo za barabara mpya tunaziita za madereva wazembe, wakati zilikuwemo kwenye mchoro. Kibaha sasa italazimika kukata lami iliyokwisha kulipiwa ili kuweka kisiwa na taa. Kisarawe inaweza kuyaandika hayo kwenye mkataba kabla greda halijashuka: tuta pana la kivuko mbele ya kila shule, njia ya miguu juu ya mtaro uliofunikwa, kituo cha daladala upande unaostahili. Kwa mkandarasi aliyeko kazini tayari, hizo ni gharama ndogo sana.

Wilaya hizi zote ziko chini ya Bodi moja ya Barabara ya Mkoa wa Pwani, na mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa. Meza ambayo TANROADS na TARURA wanakaa pamoja ipo tayari. Kinachohitajika ni bodi hiyo kukubali kwamba mita 200 mbele ya kila shule ni kipande kimoja cha kazi, chenye mhandisi mmoja anayewajibika kwa jina, fungu moja, na orodha ya shule iliyopangwa kwa idadi ya waliogongwa kama ilivyo kwenye vitabu vya polisi na vya Tumbi, bila kujali diwani gani ana sauti. Bandari kavu ya Kwala, iliyozinduliwa Julai 2025, inakusudiwa kuyapunguza malori yanayoingia Dar es Salaam. Hata yakipungua, watoto wataongezeka, kwa sababu Kibaha na Kisarawe ndiko jiji linakohamia.

Na kikao cha kwanza kisifanyike ukumbini. Kifanyike getini, siku ya masomo, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi: wahandisi wa pande zote mbili, mwalimu mkuu, kamanda wa usalama barabarani, mtu wa LATRA, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, na wanafunzi wawili wa kutwa wanaotoka ng'ambo. Kila mjumbe avuke kwenda na kurudi pamoja na wanafunzi kabla ya kufungua faili.