JINA LA TOVUTI LIWE LA CHAMA, SI LA MTU

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita ulikubali kwamba chama chetu kiwe na tovuti, ili mnunuzi wa kahawa aliye mbali atusome na atupate. Hilo tunaliunga mkono na hatuna la kuongeza. Linalotusumbua ni lile ambalo wengi walicheka lilipotajwa: jina. Mgeni akishuka Tunduma hawezi kufika kwetu bila kuambiwa jina la kijiji. Na tovuti nayo haifikiki bila jina. Tena jina hilo huandikishwa, na likishaandikishwa lina mwenyewe. Sasa nani awe mwenyewe? Hapo ndipo mkutano ulipovunjika bila kuelewana.

Kijana mmoja wa mjini amejitolea kutusajilia jina bure. Bure, jamani! Ataandikisha kwa jina lake, kwa simu yake na kwa barua-pepe yake, eti mambo yaende haraka. Baadhi ya wajumbe walipiga makofi. Sisi hatukupiga. Hatumwiti mwizi, huenda ana moyo safi kabisa. Lakini tunaikumbuka laini ya simu.

Kwa waliojiunga juzi: mwaka 2019 nchi nzima ilipokuwa inasajili laini kwa alama za vidole, laini ya chama ilisajiliwa kwa kidole cha karani tuliyekuwa naye. Hatukuona ubaya. Namba ile ilikuwa kwenye magunia, kwenye ukuta wa ghala na kwenye madaftari ya wanunuzi. Karani akaacha kazi, akaenda kutafuta maisha huko mpakani, laini ikaondoka naye. Msimu mzima wanunuzi wakipiga simu anapokea yeye, anawaelekeza kwa watu wake. Tulipokwenda kudai tuliulizwa swali moja tu: laini imesajiliwa kwa nani? Tukarudi nyumbani kimya. Ukuta wa ghala tuliupaka chokaa, lakini jua likiwaka namba ile bado inaonekana kwa chini.

Jina la tovuti ni vilevile. Daftari la majina yote yanayoishia na .tz, yaani majina ya nchi yetu, linasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Kuna wasajili waliopewa kibali, nao ndio wanaopokea maombi. Mwombaji anataja jina analotaka, wanatazama kama halijachukuliwa, anaandika mwenye jina ni nani na anapatikana wapi, analipa ada, basi. Aliyeandikwa ndiye mwenyewe. Hakuna mtu atakayetumwa huku kijijini kuuliza kama mnamfahamu.

Na anayewahi ndiye anayepata. Magari ya Nissan mnayajua, yanapita barabarani kila siku. Huko Marekani kulikuwa na mfanyabiashara mdogo wa kompyuta, jimbo la North Carolina, jina lake Uzi Nissan. Ni jina lake la ukoo, hakuliiba kwa mtu. Mwaka 1994 aliandikisha jina nissan.com kwa biashara yake. Kampuni kubwa ya magari ikaja nyuma, ikamshtaki mwaka 1999, wakavutana miaka mingi mahakamani. Kampuni haikumnyang'anya jina lile. Hadi alipofariki mwaka 2020 lilikuwa bado lake. Kama kampuni yenye mawakili wa kila namna ilishindwa kulitoa jina mikononi mwa mtu mmoja, sisi na hela yetu ya ushuru wa kahawa tutalitoaje?

Sasa jina lenyewe. Sisi tumejifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, kwa hiyo tunajua herufi zinavyoweza kumtesa mtu. Yalipendekezwa majina matatu. Tukamwomba mwalimu ayasome kwa sauti darasani, watu 14 wakaandika. La kwanza lilikuwa "mboziqualitycoffee". Hakuna aliyelipata hata mmoja. Mama mmoja aliandika "mbozikwalitikofi", na kwa maoni yetu yeye ndiye aliyeandika sawasawa kuliko aliyelitunga. La pili lilikuwa jina zima la chama kama lilivyo kwenye cheti, maneno yote yameunganishwa. Nusu ya darasa waliweka kalamu chini kabla mwalimu hajamaliza. La tatu, "kahawambozi", walipata wote isipokuwa mzee mmoja aliyesahau miwani.

Wale wanaosema Kiingereza ndicho kinacholeta wateja, hiyo ni kasumba. Mnunuzi wa kahawa anataka kahawa. Lakini hata hilo la tatu tuna wasiwasi nalo. Mbozi si yetu peke yetu. Vyama vya kahawa wilayani ni vingi, nasi tukijibandika jina la wilaya nzima tutagombana na majirani bila sababu. Tunapendekeza neno kahawa na jina la kijiji chetu, basi. Lisiwekwe kistari wala tarakimu, maana vitu hivyo havisemeki kwenye simu mtu akiwa amesimama kando ya malori pale Tunduma.

Msidhani herufi moja ni kitu kidogo. Barua-pepe za jeshi la Marekani huishia na .mil. Nchi ya Mali, Afrika Magharibi, majina yake huishia na .ml. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba barua nyingi sana za jeshi hilo zilikuwa zinapotelea kwenye majina ya Mali kwa muda wa miaka, kwa sababu waandishi waliruka herufi i. Hao ni wasomi wenye vyeo.

Mwisho wa jina tuchukue .co.tz, ndio wa biashara, na sisi tunauza. Upo .or.tz wa mashirika, .sc.tz wa shule, .go.tz wa serikali, hiyo hatuihitaji. Vijana wanataka .com. Tukiwa na hela tutachukua na hiyo baadaye.

Jambo la ada lisisahauliwe. Jina halinunuliwi mara moja likaisha, hulipiwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na muda ukipita bila malipo linaweza kurudi sokoni akalichukua mwingine. Kwa kawaida ada ya mwaka haizidi bei ya gunia la mahindi. Kumbusho la kulipa hupelekwa kwenye barua-pepe iliyoandikwa siku ya kusajili. Ikiwa ni ya kijana wa mjini, atakumbushwa yeye. Kwa hiyo chama kifungue barua-pepe yake kwanza, na neno la siri liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha, lifungiwe kasha moja na mhuri, ufunguo kwa mwenyekiti na mweka hazina.

Kijana wa mjini tunamkaribisha. Aje atuonyeshe pa kubonyeza, na nauli yake tutamrudishia. Ila kwenye nafasi ya mwenye jina liandikwe jina la chama.

Jumamosi saa nne asubuhi tukutane ghalani. Karani aje na cheti cha usajili wa chama. Mwenye jina lingine alilete limeandikwa, nalo litasomwa darasani kama yale matatu.

Katibu wa Tawi