Ulizo la kintu na muntu lisiishie kwa kicheko



Mwezi uliopita, Jumamosi moja, nilifunga kabine yangu saa nne ya asubui. Wale wanaouza inite na mega wanajua maana yake: Jumamosi njo siku inaingiza kidogo. Nilipanda moto mpaka chuo kikuu kimoja cha hapa Lubumbashi, nikalipa dola tano pa mulango (za cheti, walisema, na cheti chenyewe mpaka leo sijakiona), nikaingia mu oditwari. Kulikuwa konferansi juu ya akili, lugha, kompyuta na filozofia. Mimi nilimaliza informatike. Niko na diplome, niko na miaka miwili bila kazi. Kitu kama kile hakipiti mara mingi mu muji wetu, nilienda na njaa ya kweli.

Niseme kwanza mazuri, juu watu wanafikiri sisi tunajua tu kulalamika. Profesa alikuwa anajua maneno yake. Alianza na Alan Turing, Muingereza, ambaye mu 1950 aliandika kwamba ulizo la kama masini inaweza kufikiri ni ulizo lenye ukungu, afazali tulibadilishe na muchezo. Mutu mumoja anakaa mbali, anatuma maulizo kwa maandishi. Kuna wawili wanamujibu, mumoja ni mutu, mwingine ni masini, yeye hawaoni. Akishindwa kutambua nani ni nani, basi tuache kuringa. Kisha akasimulia Joseph Weizenbaum, ambaye mu 1966, kule Marekani, alitoa programu inaitwa ELIZA. Unaiandikia kwamba una huzuni juu ya mama yako, inakurudishia maneno yako mwenyewe yakigeuzwa kuwa ulizo: kwa nini una huzuni juu ya mama yako? Haikuwa inajua mama ni nini. Lakini sekretere wake mwenyewe, aliyeona kazi hiyo ikifanywa, alipoanza kuongea nayo akamuomba bosi atoke mu chumba. Oditwari ilicheka, na mimi pia. Nilikumbuka mashemeji wangapi wanaongea na telefone usiku.

Halafu akafika kwa John Searle, 1980. Hapo ndipo nilishika bic.

Searle alisema hivi: fikiri mutu amefungiwa mu chumba. Hajui Kichina hata neno moja. Yuko na kitabu kikubwa cha amri katika lugha yake: ukiona alama ya namna hii, toa alama ya namna ile. Inje wanapitisha karatasi za Kichina chini ya mulango, yeye anafuata kitabu, anarudisha karatasi. Majibu yako sawa kabisa. Wale wa inje wanasema: ule wa ndani anajua Kichina! Lakini yeye hajaelewa kitu. Searle alitaka kusema kompyuta iko vile: inapanga alama, haielewi.

Wandugu, kile chumba mi nakijua. Nilikaa ndani yake miaka tano.

Muliosoma huku munajua. Asistanti anauzisha silabusi, usiponunua jina lako linaandikwa pembeni. Silabusi ni ya Kifaransa, kurasa mia na kitu, zingine fotokopi ya fotokopi. Unameza. Siku ya egizame karatasi inapita chini ya mulango, unatafuta alama inayofanana, unatoa alama inayofuata, unapata kumi na mbili juu ya makumi mbili. Kuna maneno nilijibu sawa mu mwaka wa pili ambayo nilikuja kuyaelewa mwaka huu, nikiwa mu kabine, nikimuelezea mutoto wa jirani kwa Kiswahili. Sikudanganya mu egizame. Nilifuata kitabu tu. Sasa profesa anasimama mbele yetu kuuliza kama masini inaelewa kweli ao inarudisha tu, na hakuna mutu mu ile oditwari anauliza ulizo lile lile juu yetu.

Lakini si hilo lilinifanya niandike. Nimeandika juu ya kile kilichokuja nyuma, saa ya maulizo.

Binti mumoja akanyoosha mukono, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nafikiri. Akasema kwa Kiswahili chetu: « Prof, shee tunasemaka muntu na kintu. Masini ni kintu. Sasa kama inajibu sawa muntu, njo inakuwa muntu, ao inabakia tu kintu yenye kusema? » Yule aliyeongoza kikao akamukata: aulize kwa Kifaransa, hapa ni univerisite. Watu wakacheka. Binti akajaribu. Muntu ikakuwa « homme », kintu ikakuwa « chose », ulizo likakufa mu mikono yake. Akasema « merci » akakaa. Profesa akajibu kitu kingine.

Mi nilibaki na ulizo lile mu kichwa mpaka nyumbani, juu lilikuwa ulizo bora la siku nzima. Tena si ulizo la kitoto. Mu 1956, padri Alexis Kagame wa Rwanda alitoa kitabu kizima ambamo alichukua ngeli za Kinyarwanda akazipanga mu mafungu ine: umuntu, kiumbe chenye akili, ikintu, kiumbe kisicho na akili, ahantu, pahali na wakati, ukuntu, namna ya kuwa. Angalia vizuri: kwake, kinachotenganisha muntu na kintu ni akili yenyewe. Basi mutu akikuambia kwa Kifaransa kwamba « la machine pense », unaweza kupita. Ukisema kwa lugha zetu kwamba kintu kinafikiri, umegusa nguzo ya nyumba. Ao masini haifikiri, ao mupaka wa Kagame uko na shimo. Yule binti alikuwa amesimama juu ya ule mupaka, bila hata kujua Kagame, na tulimucheka.

Najua kuna atakayenijibu kwamba ngeli hazifikiri mahali pa watu. Ni kweli, na ni jibu la nguvu. Paulin Hountondji wa Benin alipigana na ile tabia ya kusema Waafrika wote wako na filozofia moja iliyolala mu lugha yao, kama vile hakuna mumoja anayefikiri kivyake na kubishana na mwenzake. Namukubali. Lakini kubishana kunataka lugha ambamo unaweza kubishana bila kuogopa kicheko. Njo maana yangu. Sisemi Kiswahili kina jibu, nasema yule binti alikuwa na ulizo.

Na aibu ni mara mbili juu tuko Lubumbashi. Kitabu cha Placide Tempels juu ya filozofia ya Wabantu kilitoka mu muji huu huu mu 1945, wakati ukiitwa Elisabethville. Muzungu, padri, alisikiliza Baluba wa Katanga wakiongea kwa lugha yao, akaandika, na dunia ikabishana juu yake mpaka leo. Valentin Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mu 1941, alifundisha hapa kabla ya kwenda inje na kuuliza nani ametuandika na kwa haki gani. Na mu 1965, André Yav, mutu aliyefanya kazi ya boyi mu nyumba za Wazungu, aliandika historia ya muji huu kwa Kiswahili cha muji huu. Hakungoja ruhusa ya Kifaransa. Johannes Fabian aliitoa na tafsiri yake mu 1990, na leo wenye kuisoma sana ni watu wa univerisite za mbali. Boyi wa 1965 aliandika kwa Kiswahili, na sisi wenye diplome tunaona haya kuuliza kwa Kiswahili.

Kuna na mambo ya mufuko. Hizi masini mpya zinazoongea zinajifunza kwa maandishi: zinakula kurasa mingi sana na kukisia neno gani linafuata. Kiswahili cha pwani kiko na magazeti, vitabu, na bado ni kidogo mbele ya Kiingereza. Chetu kiko wapi? Mu radio, mu misa, mu soko, mu sauti za WhatsApp. Hakijaandikwa sana. Mi nikiandikia zile programu sawa vile tunaongea hapa Katuba, zinanirekebisha kama mwalimu wa Dar es Salaam. Tena zinakata maneno vipande vipande kabla ya kuyashika, na neno kama « hatukuambiwa », ambalo kwetu ni moja, linaweza kukatwa vipande mingi kuliko neno la Kiingereza. Kampuni zinazolipisha kwa vipande zinakulipisha zaidi kwa kuongea lugha yako. Wakati huo kobalti ya Kolwezi iko mu batri za telefone dunia nzima, sehemu kubwa ya kobalti ya ulimwengu inatoka mu nchi hii. Hakuna anayeiambia kobalti ijieleze kwanza kwa Kifaransa.

Wengine watasema: ndugu, kazi inapatikana kwa Kifaransa na Kiingereza. Mi niko na Kifaransa, wandugu. Muniulize kazi iko wapi. Wengine, na hao nawaheshimu zaidi, watasema Kiswahili si cha Wakongomani wote, ndugu wa Kasai anayesoma hapa tutamufanyaje? Katiba ya 2006, kifungu cha kwanza, inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na inaambia Serikali iziendeleze bila ubaguzi. Aulize kwa Tshiluba, tutafute wa kutafsiri. Mu oditwari ya watu mia tatu hatatokea hata mumoja? Sitaki tufukuze Kifaransa, nimeandika memwari kwa Kifaransa na sijutii.

Basi kwa wakubwa wa vyuo vikuu vya muji huu, tunaomba vitu vitatu, havilipishwi hata franka moja. Mwenye kunyoosha mukono mu konferansi aulize kwa lugha ya taifa anayoitaka, na aliye mbele ajibu. Kila memwari iwe na ukurasa mumoja kwa lugha ya taifa, ambao mama wa mwanafunzi anaweza kusoma, juu yeye njo alilipa minervali. Na mulango wa konferansi usiwe wa dola tano. Kama ni cheti, mutu anayekitaka akilipie, anayetaka kusikiliza aingie.

Sisi hatungoji. Yule binti nilimutafuta inje siku ile, alikuwa amekasirika, akaniambia: « Kaka, ulizo yangu haikukuwa mubaya. » Nikamuambia haikuwa mubaya. Jumamosi hii saa kenda ya mchana tunakaa mbele ya kabine yangu, Katuba, chini ya muembe. Yeye njo ataanza, na ulizo lake lile lile, na atalisema vile alilisema mara ya kwanza. Nimeomba mwalimu mumoja wa filozofia wa sekondere aje amubishie kweli kweli, si kumubembeleza. Kuja na kiti chako, mi niko na vitatu tu. Umeme ukikatika tutaendelea, hatutumii mikro.