TAHARIRI: MILANGO YA KANISA NA ALIYEKIMBIA NCHI

Koigi wa Wamwere, aliyekuwa Mbunge wa Nakuru Kaskazini, aliwekwa kizuizini mara mbili bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka 1986 akakimbilia Norway. Mwaka 1990 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini.

Waliosimama kumtetea ni akina mama. Mwaka 1992 mamake na wenzake walisusia chakula katika bustani ya Uhuru. Walipopigwa na polisi, Kanisa Kuu la All Saints likawapokea. Januari 1993 Koigi akaachiliwa.

Ndugu wa Golbanti, mtu hakimbii kwao bure: hufukuzwa na dhuluma, na kimya cha majirani huizidishia nguvu. Kesho jirani yetu akiitwa haini, je, makanisa yetu kando ya Mto Tana yatamfungulia mlango? Tuamue leo.