Sarafu ya Tembo: Kumbukumbu ya Kale au Dhahabu ya Mizani?

Msimu wa maharage ukiisha vizuri pale Titye, fedha hutafuta mahali pa kulala. Wengine hununua ng'ombe, wengine hununua mabati na kiwanja Kasulu mjini, na wachache huanza kuulizia dhahabu. Hawa wachache wameongezeka, na sababu haijifichi. Bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 3,000 kwa aunsi Machi 2025, na ilipofika Oktoba mwaka huohuo ikavuka dola 4,000. Bei inapopanda namna hiyo, madalali nao huongezeka.

Mfanyabiashara mmoja wa maharage, mzee mwenye heshima zake, alinifungulia kitambaa na kunionyesha sarafu ya dhahabu. Ilikuwa na picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, mwaka 1916, na herufi T. Aliinunua kwa dalali mpita njia kwa thamani ya ng'ombe watatu.

"Kijana wangu, wewe umesomea biashara," akasema. "Niambie, hii ni mali ya kale au ni dhahabu tu?"

"Mzee, twende kwanza kwa sonara," nikamjibu.

Sonara aliweka mizani yake na kutoa jibu bila maneno mengi. Ni dhahabu kweli, lakini ya karati 14, uzito wake gramu 6, na haikutengenezwa zamani. Dhahabu halisi iliyomo ni gramu 3.5. Kwa bei ya dola 4,000 kwa aunsi, hiyo ni kama dola 450, yaani karibu ng'ombe mmoja. Wale wawili waliobaki mzee alilipia hadithi.

Swali lake hata hivyo ni la haki, na linawahusu wengi wanaotaka kuweka akiba. Je, matoleo mapya ya sarafu maarufu za kale ni kitu cha kukusanya na kusubiri kipande thamani, au ni dhahabu ya kupima kwenye mizani basi?

Tuanze na sarafu yenyewe ya asili, kwa kuwa ni ya nyumbani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza ziliifungia pwani yetu, na serikali ya Kijerumani ikaishiwa fedha za kulipia askari na manunuzi. Mwaka 1916 karakana ya reli pale Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba, zikatengenezwa sarafu za rupia 15. Kila moja ina uzito wa gramu 7.168 na usafi wa 750 kwa 1,000, yaani karati 18, hivyo dhahabu halisi ni gramu 5.376. Zilitengenezwa 16,198, kazi ikakoma. Julai mwaka huo Wabelgiji waliingia Kigoma, na Septemba wakaichukua Tabora. Karakana ile haikuongeza hata sarafu moja tena.

Kwa bei ileile ya dola 4,000, dhahabu iliyomo katika sarafu ya asili ya Tabora ina thamani ya kama dola 690. Lakini katika minada ya Ulaya sarafu hiyo ikiwa katika hali nzuri huuzwa mara kadhaa ya kiasi hicho. Mnunuzi wa kule analipia idadi iliyofungwa, vita, karakana ya reli, na ukweli kwamba wapo watu wengi wanaoitafuta: wakusanyaji wa sarafu za makoloni ya Kijerumani, wakusanyaji wa sarafu za Afrika, na hata wapenzi wa picha za tembo.

Sasa tuangalie matoleo mapya. Uingereza inatengeneza pauni ya dhahabu mpaka leo. Umbo lake la sasa lilianza 1817, likarejeshwa 1957, na lina gramu 7.32 za dhahabu halisi. Austria inatoa sarafu ya krona 100 iliyoandikwa 1915, ingawa inatengenezwa miaka mingi baada ya 1915. Wakazi wa pwani walizoea jambo hili zamani kwa fedha nyeupe. Riale ya Maria Theresa iliandikwa 1780 na ikaendelea kutengenezwa kwa mwaka huohuo Vienna, na baadaye London na Bombay pia. Wafanyabiashara wa Zanzibar hawakuipokea kwa sababu ya umri wake. Waliipokea kwa kuwa kila moja ilikuwa na fedha ileile. Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu, basi, si cheti cha kuzaliwa.

Ndipo tunapofika kwenye nakala za aina ya ile ya mzee. Hizi hazitolewi na serikali yoyote bali na mafundi binafsi, nyingine za dhahabu, nyingine za shaba iliyopakwa rangi. Pauni mpya ya Uingereza ina dola inayomfuata popote, kwa kuwa uzito na usafi wake vinajulikana. Nakala ya fundi binafsi haina hata hilo. Ina thamani ya kuyeyushwa tu.

Wapo watakaonipinga kwa mfano wa Marekani, na mfano wao una uzito. Mwaka 2009 kiwanda cha serikali ya Marekani kilitoa upya sarafu ya dola 20 ya 1907 iliyochongwa na Saint-Gaudens, ambayo toleo lake la kwanza kabisa lenye michongo mirefu lilibaki vipande takriban 20. Toleo la 2009 lilitengenezwa mwaka ule mmoja tu, jumla sarafu 114,427, kila moja aunsi moja ya dhahabu, na kwa miaka mingi wanunuzi wamelipa zaidi ya dhahabu yake. Kwa hiyo toleo jipya linaweza kukusanywa. Sikatai. Lakini angalia mambo yaliyolibeba: serikali iliyolitoa, idadi iliyofungwa, na jeshi la wakusanyaji nchini mwake wenye fedha mfukoni.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kudhani uhaba peke yake unatosha. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye picha ya duma, katika mpango wa kuhifadhi wanyamapori. Uzito wake ni gramu 33.437, usafi 900, na zote pamoja hazikufika 4,000. Ni chache kuliko za Tabora, tena mara nne. Lakini bei yake sokoni hutembea karibu na dhahabu iliyomo, wakati ya Tabora imeiacha dhahabu yake mbali. Kwa lugha ya biashara, ugavi ni mdogo na mahitaji nayo ni madogo. Kitu adimu kisichotafutwa na mtu ni sawa na duka pekee katika kijiji kilichohama.

Kwa mwekezaji mdogo wa Titye au Kibondo kuna swali la tatu, nalo ndilo kubwa: utaiuza wapi? Masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini tangu 2019, la kwanza likiwa Geita, yananunua kwa uzito na usafi. Sonara wa Kasulu naye ni hivyohivyo. Hapa kwetu hakuna anayelipia umri wa sarafu. Ukinunua kwa bei ya mkusanyaji wa Berlin na ukauza kwa bei ya sonara wa Kasulu, hasara umeinunua siku ileile ya kwanza.

Msimamo wa safu hii ni kwamba toleo jipya la sarafu ya kale, kwa mnunuzi wa kwetu, ni dhahabu. Lilipie bei ya dhahabu na nyongeza ndogo ya utengenezaji, usizidishe. Na hilo si tusi. Mzee aliniuliza kama ni "dhahabu tu", na hilo "tu" ndilo lenye makosa. Dhahabu inayojulikana uzito na usafi wake inauzika asubuhi na jioni, na anayehitaji ada ya shule Januari anahitaji kitu kinachouzika.

Kabla ya kutoa fedha, pima. Sarafu ya Tabora isiyofika gramu 7 iache. Ya shaba yenye ukubwa uleule itakuwa na uzito wa zaidi kidogo ya nusu tu. Usichanganye pia na hela 20 za Tabora za mwaka huohuo 1916, ambazo nyingi ni za shaba ya njano na zilitoka kwa wingi. Hizo hazina tembo, zina taji. Ni kumbukumbu nzuri, na jina lake limebaki vinywani mwetu kila tunapotaja hela, lakini si dhahabu hata zikisuguliwa namna gani. Anayekuambia sarafu yake ni ya asili, mwambie aitangulize kwa mtaalamu, na gharama iwe yake. Kisha dai stakabadhi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Mzee wa maharage hakuiuza sarafu yake. Amesema ataiweka mpaka bei ipande imrudishie ng'ombe mmoja kati ya wale wawili. Hesabu hiyo inawezekana, dhahabu ikipanda hadi dola 8,000. Dalali yeye alikwisha kuondoka na ng'ombe wake.